Uzoefu wake ulikuwa kwenye daftari la genge

Kuna binti mmoja wa uhasibu, mwaka wa pili. Fildi inaanza wiki ijayo na yeye hana pa kwenda. Bila fildi hakuna alama, na bila alama ni kurudia mwakani. Kazunguka Posta nzima na bahasha za kaki, kila mapokezi jibu lile lile: "Acha barua, tutakupigia." Simu kimya.

Ofisi ya 9, ghorofani pale Kariakoo, mzee mmoja kaiangalia CV. "Uzoefu mbona hamna?"

Binti kasita, kisha kalitoa daftari la genge la mama yake. Alikuwa nalo begini maana baadaye anapitia sokoni Ilala. Mauzo, madeni, nauli, yote anaandika yeye tangu kidato cha tatu. Mzee kafunua, kasimama kwenye mstari mwekundu: "Sh 2,000 haionekani."

"Na hii?"

"Niliitafuta sikuipata, baba. Sikutaka kuificha."

"Njoo Jumatatu saa mbili. Hela hatutoi, nauli juu yako."

Jioni mama kampa nauli ya wiki. Binti kaiandika daftarini, upande wa madeni, kwa jina lake mwenyewe.

Nyie mnaoacha "uzoefu" wazi kwenye CV, kweli nyumbani hamfanyi kitu?