Maji ya Kunywa Bila Kuni

Nyumbani kwangu Bweyeye, Rwanda, hatuchemshi tena maji ya kunywa. Mtu wa mjini ataliona hilo dogo. Kwa mwanamke aliyeolewa ukingoni mwa msitu wa Nyungwe ni maisha mengine kabisa.

Miaka yangu ya mwanzo hapa, siku ilianza na kuni na kuisha na kuni. Nyungwe ni hifadhi ya taifa, haingiliwi kukata hata ufito. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa msitu ule ndio unaotupa maji: yanayoangukia mashariki ya mgongo wa milima huteremkia Nile, na ya upande wetu huingia Ruhwa, yakapokelewa na Rusizi hadi ziwa Tanganyika, kisha yakaelekea Kongo. Lakini moto bado tuliuhitaji. Tulitegemea mikaratusi ya shambani na mizigo ya kununua. Sufuria ya maharage ilidai moto wake, ya maji ikadai wake, na siku zote ya maji ndiyo iliyoahirishwa. Jioni ambayo mvua imelowesha kuni, watoto hunywa maji mabichi. Hakuna mama wa milima hii asiyeijua jioni hiyo, wala usiku wa tumbo unaoifuata. Kabla ya barabara ya kutoka Pindura kuwekwa lami, usiku wa namna hiyo ulitisha mara mbili, maana mgonjwa aliyeshindikana kituo cha afya alipaswa kuvuka msitu mzima kwenda hospitali ya Gihundwe, Kamembe.

Kwa macho, maji yetu mara nyingi hayakuwa na neno. Yanatoka kwenye chemchemi iliyojengewa mlimani na kushuka yenyewe bila pampu. Kiangazi ni meupe. Mvua za Machi na Aprili zikikolea, bomba hutoa kitu kama chai ya maziwa. Aliyenieleza sababu ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Maji yakikatika, alisema, bomba tupu hunyonya: penye ufa huvuta udongo na vyote vilivyomo, mavi ya ng'ombe na ya watu. Maji yakirudi, uchafu huo hutangulia. Kisha akasema lililoniingia zaidi. Hata maji yaliyotoka bombani yakiwa salama huchafukia njiani, ndani ya jerikani isiyosuguliwa, au nyumbani, kwenye ndoo inayochovywa kikombe na kila mkono. Tangu hapo nilianza kuyafuatilia maji mpaka mdomoni mwa mtoto.

Tulianza na Sûr'Eau, dawa ya klorini: kifuniko kimoja kwa jerikani ya lita 20, unasubiri nusu saa. Ni dawa ya kweli na imeokoa wengi, na nyumba isiyo na kingine chochote ningeishauri iitumie leo hii. Ila tope huimaliza nguvu, kwa hiyo wakati wa mvua ilibidi kwanza maji yatulie na kuchujwa kwa kitambaa, halafu dozi iongezwe. Mama mkwe naye alikataa kabisa. "Mkamwana, haya yananuka hospitali," alisema, akarudisha kikombe. Mzee asipokunywa, wajukuu nao hawanywi.

Kichujio cha maji nilikiona kwanza kwa wifi yangu aliyeolewa wilaya ya Nyamasheke. Mwaka 2014 mpango ulioitwa Tubeho Neza, wa Wizara ya Afya na kampuni ya DelAgua, uligawa bure vichujio vya LifeStraw Family 2.0 pamoja na majiko yanayookoa kuni kwa kaya zaidi ya 100,000 za Mkoa wa Magharibi, zile maskini kuliko zote. Fedha zilitokana na biashara ya hewa ya ukaa: moshi ambao wanawake wa huku hawakuutoa uliuzwa kwa walio mbali. Watafiti walizifuatilia familia hizo, na mwaka 2019 wakachapisha kwamba taarifa za kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 zilipungua kwa asilimia 29. Kwa mama, takwimu hiyo ni usiku wa kulala.

Chombo chenyewe ni rahisi kukielewa. Unamimina maji juu, yanapita kwenye nyuzi nyembamba zenye matundu ambayo bakteria na minyoo hawapenyi, yanakusanyika chini penye bomba dogo. Hapachovywi kikombe. Hapanuki kitu. Kuna mpini wa kusukuma uchafu urudi nje, na kazi hiyo imekuwa ya mume wangu kila jioni. Tulikipata chetu kupitia ikimina, kikundi chetu cha akiba. Mama mkwe alionja, akanyamaza, akaomba kikombe cha pili.

Kuhara hakujaisha nyumbani kwangu, kwa sababu watoto hunywa pia shuleni na mtoni. Kumepungua, na moshi wa kuchemshia maji umeondoka. Mzigo wa kuni sasa ni wa chakula tu.

Jirani akiniuliza, mimi humwambia pia kisichowezekana. Milima hii ina dhahabu, imechimbwa tangu enzi za ukoloni, na mahali pengi wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata. Zebaki iliyoyeyuka majini haizuiwi na kichujio hiki, wala na klorini, wala kwa kuchemsha. Dawa yake ni kuteka juu ya machimbo, kamwe si chini yake.

Nyuzi nazo zina mwisho. Kichujio hiki kimetengenezwa kwa kiasi maalumu cha maji. Nyumba inayokitumia kila siku itakimaliza baada ya miaka michache, na hapa kwetu hakuna duka lenye kipuri. Hilo ndilo linaloniumiza ninapokumbuka vichujio vyote vilivyogawiwa mkoa huu. Ikimina yetu imeanza kutenga fedha za kununua vingine Kigali, na katika mkutano wa kijiji baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja, tumeomba vipimo vya maji ya bomba letu vibandikwe ukutani kwenye kituo cha afya, tuvisome wenyewe.