Sifuri Mbili Zilizonifunza Kazi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeishi na msemo huo tangu utotoni, kwani nyumba yetu ipo juu ya duka katika mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, upande wa mji unaoelekea bandari ya Ziwa Tanganyika. Chini ya dirisha langu malori hushusha bidhaa zilizotoka Dar es Salaam, na wanunuzi huja kutoka Buyenzi, kutoka mikoani, na kutoka Uvira ng'ambo ya mpaka. Salamu hutolewa kwa Kiswahili, bei hubishaniwa kwa Kirundi, na risiti huandikwa kwa Kifaransa. Katika mchanganyiko huo nimejifunza kwamba neno lililo wazi kwa mmoja laweza kuwa fumbo kwa mwenzake.

Siku hizi daftari limeingia ndani ya kompyuta. Kazi yangu, ambayo huifanya nyumbani watoto wakishakwenda shule na chungu kikiwa jikoni, ni kuandika miongozo ya programu ya hesabu za maduka. Simwandikii mwenye duka. Namwandikia fundi wa programu, kijana aliye mbali, ambaye anataka programu aliyoitengeneza yeye ipate kuzungumza na yetu. Programu yetu ina mlango, na programu nyingine hubisha hodi hapo ili ziulize deni la mteja au zilete malipo. Mwongozo wangu ndio humwambia fundi hodi ipigwe vipi na jibu litakuja kwa sura gani. Fundi huyo hanioni usoni wala hawezi kuniuliza usiku wa manane. Alicho nacho mkononi ni maneno yangu tu.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Mombasa alitengeneza programu ya kuandikia mikopo kwa simu, akataka iungane na daftari letu. Nikampa mwongozo. Ndani yake palikuwa na sentensi moja niliyoiona nzuri na fupi: "Kiasi kiandikwe kwa kipimo kidogo kabisa cha fedha." Kwangu mimi kipimo hicho kilikuwa faranga moja, hapa kwetu nani angefikiria kingine? Lakini kijana yule amekulia katika shilingi, na shilingi ina senti mia. Akafanya kama sentensi ilivyomwambia: kila kiasi akakizidisha kwa mia, kisha akahamishia madeni yote ya duka moja katika daftari letu.

Asubuhi ya kwanza alifika mama mmoja muuza vitenge wa Buyenzi, mteja wa miaka mingi, aje alipe deni lake la faranga 45,000. Kompyuta ikaonyesha 4,500,000. Mhudumu wa dukani, ambaye aliiamini mashine kuliko mteja, akaitaja hesabu hiyo kwa sauti mbele ya watu waliojaa dukani. Watu wakageuka kumtazama. Mama yule hakugomba. Alizifunga tena fedha zake katika pembe ya kanga, akasema, "Mwanangu, mashine yako sijui kuisoma, lakini deni langu nalijua." Kisha akatoka nje, akaketi barazani, akangoja mpaka binti yake alipomletea kidaftari chake cha karatasi kutoka nyumbani. Kidaftari kilisema 45,000.

Niliitwa, nikashuka ngazi, nikamwamkia kwa heshima. "Mama, kosa ni langu," nikamwambia.

"Wewe ndiwe uliyezidisha?"

"Siye, mama. Mimi niliandika maneno yaliyomfanya mwingine azidishe."

Alinitazama kwa muda, akajibu, "Basi maneno yako yana mkono mrefu."

Nakiri kwamba usiku ule, nilipokuwa nikiosha vyombo, nilimlaumu kijana wa Mombasa moyoni. Kwa nini hakuuliza? Lakini nilipoisoma upya sentensi yangu niliona kwamba alikuwa ameisoma sawasawa. Katika orodha ya kimataifa ya fedha iitwayo ISO 4217, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1978, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina tarakimu mbili baada ya nukta, yaani senti. Faranga ya Burundi haina hata moja. Sentensi yangu ilikuwa kweli katika nchi zote, na kwa sababu hiyo haikumsaidia mtu katika nchi yoyote. Kama ningaliongeza mstari mmoja tu, kwamba faranga elfu arobaini na tano huandikwa 45000, mama yule asingaliaibishwa mbele ya watu.

Msidhani kwamba ajali za namna hii huwapata watu wa maduka peke yao. Tarehe 23 Septemba, 1999, Marekani ilipoteza chombo chake kilichoitwa Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za metriki. Na hapo pana funzo zaidi, kwani waraka wa makubaliano ulikuwa umetaja metriki. Maneno yalikuwapo, ila hapakuwa na aliyehakikisha kwamba kazi inafuata maneno. Hivyo mwongozo si ushahidi wa kujitetea baada ya hasara. Ni chombo cha kuzuia hasara, na chombo chochote hujaribiwa kabla ya kutumiwa.

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni chache, ambazo nawapa wenzangu wanaofanya kazi hii, na hata wale wasioifanya.

Kwanza, pasiwe na agizo lisilo na mfano. Nikitaja kiasi, naandika kiasi chenyewe kama kinavyotakiwa. Huku kwetu watu huandika 45.000 wakikusudia elfu arobaini na tano, lakini kompyuta nyingi huiona nukta hiyo kuwa mwanzo wa sehemu ya kumi, zikasoma arobaini na tano tu. Kwa hiyo natoa mfano ulio sahihi, na kando yake mfano wa kosa, pamoja na jibu ambalo programu yetu italitoa kosa hilo likitendeka.

Pili, saa na tarehe zitajwe bila kuacha nafasi ya kukisia. Sisi husema saa mbili asubuhi, na Mfaransa huiita saa nane. Tena saa ya Bujumbura iko nyuma ya ile ya Mombasa na Dar es Salaam kwa saa moja. Malipo yaliyofanywa hapa saa tano na nusu usiku, huko Mombasa tayari ni ya siku inayofuata. Mwenye duka anayefunga hesabu kila jioni ataona fedha zimetoweka, kumbe zimelala katika ukurasa wa kesho.

Tatu, mambo yasichanganywe. Kijana mpya dukani hufundishwa kwanza kwa kushikwa mkono, hatua baada ya hatua. Akishazoea, anachohitaji ni maelekezo ya kazi moja, kwa mfano jinsi ya kufunga hesabu za jioni. Siku nyingine anataka orodha ya bei tu, bila hadithi. Na siku nyingine anauliza kwa nini mteja fulani hakopeshwi. Daniele Procida, mwandishi wa miongozo ya programu, amezigawa nyaraka za namna hii katika mafungu manne: mafunzo, maelekezo ya kazi, rejea na ufafanuzi. Zamani mimi nilivitia vyote katika chungu kimoja, na fundi mwenye haraka akalazimika kuchagua mchele katika mchanga.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, mwongozo usomwe na mgeni kabla haujatoka. Nina mpwa wangu anayejifunza kutengeneza programu. Humketisha mezani na kompyuta, nikampa mwongozo, nami nikashika kazi yangu ya kuchambua maharage bila kusema neno. Kunyamaza huko ni kugumu! Mara ya kwanza alikwama katika hatua ya pili, akaniuliza, "Shangazi, hili neno la siri nalipata wapi?" Nilikuwa nimeandika kwamba neno la siri litumike, ila sikuandika mahali linapopatikana, kwa kuwa mimi nilikuwa nalo miaka yote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila alipokwama niliandika mstari, na kila mstari ule ulikuwa jambo ambalo nililijua mno hata nikashindwa kuliona.

Ndugu wasomaji, labda nyumbani mwenu hamna fundi wa programu. Lakini nani kati yetu hajapata kumwachia msichana wa kazi agizo la "chumvi kiasi", au kumwachia bibi dawa ya mtoto kwa kusema "mpe kama kawaida"? Kawaida ya nani, na kiasi gani? Anayejua hafikirii kwamba kuna swali, na asiyejua huona haya kuuliza. Ni wajibu wa anayejua kuanza.

Mama wa Buyenzi bado ni mteja wetu. Hesabu zetu zilisahihishwa siku ile ile, na kijana wa Mombasa ananiandikia hata leo kila anapoona sentensi yangu ina pande mbili. Lakini mama akija kulipa, hufungua kwanza kidaftari chake, akakiweka juu ya meza kando ya kompyuta, akangoja mpaka hesabu mbili zilingane. Simlaumu. Nikiwa juu dirishani na mwongozo mpya mbele yangu, humtazama akishuka ngazi za baraza na mzigo wake, kisha narudi kusoma sentensi yangu tena, nikijiuliza mkono wake utafika wapi.