Mikono ya Shangazi

Shangazi yangu ameshona kofia za vito tangu usichana wake, na kwa miaka mingi hakujua hata moja iliishia kichwani mwa nani. Alishona barazani kwa ndani, mimi nikazifunga kwenye leso nikampelekea dalali karibu na uwanja wa Mkunguni, mjini Lamu. Dalali alizielekeza kwenye mwanga, akakagua matundu, akataja bei. Kubishana si kazi ya mtoto. Kutoka hapo zilikwenda Mombasa, Unguja, na Maskati, ambako Waomani huiita kofia ya namna hiyo kumma. Bei ya huko hatukuambiwa. Afadhali wakati wa Maulidi ya Riyadha, mji ukifurika wageni wa pwani nzima. Siku hizo hata kofia ya mwanagenzi hupata mwenyewe.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tulidhani dalali kwishnei. Lakini pesa hutumwa na mtu, na watu wote walikuwa wake. Kisha yakaja mateso ya 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na Manda, na 2014 mashambulizi ya Mpeketoni na amri ya kutotoka nje usiku. Watalii walitoweka. Wazungu hawakuwa wanunuzi wa kofia za maana, lakini bei zetu zilishushwa kwa kisingizio chao.

Binti wa shangazi ndiye aliyefungua ukurasa wa Facebook. Mwanzoni aliweka picha za kofia zilizokwisha, bei chini yake. Watu walipita kama wapitavyo mbele ya duka lililofungwa. Mwezi wa Ramadhani mmoja akabadili: akamrekodi mama yake akishona. Hapo palikuwa na kesi. Uso hapana, sauti hapana. Mjomba, mume wa shangazi, alikubali mikono tu, tena baada ya mashauri marefu, na shangazi naye akadai kwanza apakwe hina upya.

Kofia nzuri hula wiki nyingi, pengine miezi. Zamani huo ndio uliokuwa udhaifu wetu: huna kitu cha kuuza leo, wala kesho. Sasa ukawa ndiyo hadithi yenyewe. Kila baada ya siku chache picha ya kofia ile ile, imesogea ua moja. Watu wa Lamu walioko Nairobi, Maskati na London wakaanza kuuliza, “Yeo imefika wapi?” Mzee mmoja wa Maskati aliandika kwamba marehemu baba yake alivaa nakshi hiyo hiyo. Wakazungumza, kupitia binti, habari za mitaa na jamaa, bila neno la biashara. Miezi ikapita. Idd ilipokaribia akaagiza tatu, za wanawe, akatuma nusu ya pesa kabla ya kuulizwa. Dhamana gani nyingine angetaka? Alikwisha kuona kila tundu likizungushiwa uzi.

Wanaofundisha biashara ya mtandaoni huhubiri sana idadi ya wafuasi. Wetu walikuwa wachache, na wengi wao hawajanunua mpaka leo. Sioni hasara. Hao ndio waliotupigania pale ukurasa mmoja wa kofia za mashine ulipoiba video zetu: waliitambua pete ya shangazi, wakaenda kuwakemea huko huko mpaka zikaondolewa. Ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa Machi 2020, kofia za Maskati, ambazo huenda mkononi mwa wasafiri, zilibaki kashani miezi. Hakuna aliyedai pesa zake. Mmoja alitaka tu apigiwe picha kofia yake, aone haijaliwa na mende.

Kazi imeongezeka, nisifiche. Kuna ujumbe wa saa saba usiku, kuna wanaotaka kofia ya harusi kwa siku nne, na binti amejifunza kukataa kwa adabu, jambo gumu kuliko kuuza. Bei anaitaja shangazi mwenyewe, na haipunguzi.

Sasa wateja wanaomba kuisikia sauti yake, japo salamu. Mjomba anasema mikono inatosha. Shangazi hajasema kitu, ila juzi nilimkuta anamuuliza binti yake simu huwekwa umbali gani ili mtu asikike vizuri.