Mlango Usiofunguka

Ukifika Chapwa, katika mji wa mpakani wa Tunduma, huoni meli. Waona malori na vumbi. Lakini barabara itokayo Tunduma kupitia Sumbawanga itakufikisha Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambako kwa miaka mingi meli ya Liemba ilikuwa ikitia nanga.

Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kwanza mafundi waliipaka grisi mitambo yake. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali yafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini.

Somo hilo latufaa pia mlango wa kusukuma kando katika chombo kikuukuu unapokuwa mgumu. Usiupige teke wala nyundo. Uinue, uutoe, uchokoe uchafu na kutu relini, kisha utazame kama magurudumu yamelika. Ubao uliovimba uachwe ukauke kabla ya kupigwa randa. Magurudumu yatiwe grisi kidogo. Mfuo wa mbao usuguliwe kwa nta ya mshumaa, kwani mafuta hunasa mchanga.

Nawe mkazi wa Chapwa, usicheke: vumbi la malori hukwamisha mlango wa duka lako vile vile. Usiseme utautengeneza kesho. Moto ukizuka, mlango uliokwama hugeuka ukuta, na huenda walio ndani ni watoto wako.