Mkebe wa Mafuta Mazuri

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii nimeitia katika insha zangu mara nyingi tangu shule ya msingi, nikitafuta alama tu. Sikujua kwamba siku moja ingeniangukia mimi mwenyewe, tena nyumbani kwetu, tena juu ya mwili wa ndugu yangu wa tumbo moja. Wapenzi wasomaji, tulieni niwasimulie.

Kwetu ni Kisauni, na shule yetu, kama mjuavyo, iko kisiwani. Kila asubuhi mama hunipa nauli ya kwenda na kurudi. Mwaka wa 2024, nilipokuwa kidato cha pili, nilianza tabia ya kurudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nikikatiza Mji wa Kale, navuka Daraja la Nyali, napita Kongowea hadi nyumbani, jasho likinitiririka na viatu vimejaa vumbi. Nauli ya kurudi naibana mfukoni. Mama akiniuliza mbona nimechelewa, namwambia matatu zilikuwa zimejaa. Uongo huo niliurudia hata ukawa mtamu mdomoni kama kashata.

Je, pesa hizo zilikwenda wapi? Si kwenye viazi karai wala mabuyu. Zilikwenda kwenye duka moja dogo la mafuta mazuri katika vichochoro vya Mji wa Kale. Mwenye duka ni mtu wa makamo, mpole, ambaye sote twamwita Ami. Ukikaribia duka lake, harufu hukupokea kabla ya mwenyeji. Rafu zimejaa chupa hadi darini: halwaridi, miski, ambari, asumini, sandali, mlangilangi na udi wa kila aina. Ami huuza kwa tola, na tola moja haifiki gramu 12. Mwenye pesa hununua tola nzima. Mwanafunzi mwenye nauli ya siku nne hununua robo.

Siku ya kwanza nilifungua chupa nikaizamisha puani kama mtu anayekunywa soda. Ami akacheka.

"Usinuse chupa, mwanangu. Chupa yadanganya. Tia tone kwenye karatasi, kisha ungoje."

"Ningoje mpaka lini, Ami?"

"Mpaka kesho. Mafuta mazuri hayana haraka."

Nilifanya hivyo katika kurasa za mwisho za daftari langu, na kweli nikaona maajabu. Harufu ya ndimu na ya mchungwa huja mbio na kuondoka mbio, saa moja haiishi. Asumini na halwaridi hukaa kitako kidogo. Udi na sandali ndio wageni wa kulala. Kesho yake bado wapo. Mwalimu wa Hisabati alipokusanya madaftari yetu aliuliza darasani, "Ni nani hapa ana harusi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikainama kama niliyeangusha kalamu.

Chupa zangu nilizipanga katika mkebe wa biskuti, kila moja nimeibandika plasta yenye jina. Kufikia mwezi wa Februari mwaka wa 2025 zilikuwa 27. Mkebe ule ulinifunza Jiografia kuliko ramani ya ukutani. Karafuu ilinipeleka Pemba, mlangilangi Ngazija, halwaridi Taif kule Uarabuni, lavenda Ufaransa. Nilijifunza pia kwamba udi si harufu ya mti mzima. Mti wake, unaoota katika misitu ya Asia, ukiingiwa na kuvu hutoa utomvu wa kujikinga, na utomvu huo ndio unaonukia. Yaani harufu ghali namna hiyo yatokana na kidonda. Jambo hilo nililiwaza sana baadaye.

Basi nikachoka kunusa karatasi, nikataka kutengeneza kitu. Nilianza na mishumaa. Usiku mmoja stima ilipopotea nilikusanya vipande vya mishumaa, nikaviyeyusha na kumimina mafuta ya mchaichai bila kipimo. Mshumaa ulipoganda ulitoka jasho la mafuta, na utambi ukawa wawaka kwa kusitasita kama mgonjwa. Baadaye nikajua kwamba gramu 100 za nta hutosheka na gramu 6 hivi za mafuta, na kwamba nta haiwekwi motoni moja kwa moja, isije ikashika moto. Bakuli la nta hutiwa ndani ya sufuria ya maji moto.

Sabuni nilifunzwa na mama mmoja jirani yetu anayetengeneza za kuuza. Alinipa kanuni zake nikaziandika: mafuta ya nazi gramu 500, soda kali ya sabuni gramu 75, maji gramu 170. Vyote hupimwa kwa mizani, hata maji. Soda hutiwa ndani ya maji. Kamwe maji hayamwagwi juu ya soda, maana yatachemka na kukurukia usoni. Mikononi glavu, na watoto wawe mbali. Ukikoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji, hapo ndipo unatia harufu, isizidi gramu 15. Sabuni ikishakatwa hungojwa wiki nne au zaidi.

"Soda naipunguza makusudi," aliniambia, "ili mafuta kidogo yabaki yakulainishe ngozi. Na wewe usiwe na tamaa ya harufu. Sabuni ni ya kuoga, si ya kunusa."

Sabuni yangu ya kwanza, ya mchaichai, ilitoka vizuri. Ya pili, ya vanila, ilibadilika rangi ikawa kahawia kama chai ya mkandaa, lakini ilipendwa. Majirani wakanisifu. Shangazi akasema nimezaliwa na mkono. Waama, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kichwa kikanivimba.

Nikaamua kwamba Idi ya mwaka ule, iliyokuwa mwisho wa mwezi wa Machi, kila mtu ukoo mzima atapata sabuni kutoka kwangu. Sikutaka harufu ya kunong'ona. Nilitaka harufu ya kupiga kelele, mtu akioga kwetu jirani ajue. Wiki sita kabla ya sikukuu nilikwenda kwa Ami nikamwomba tola mbili za mafuta ya mdalasini. Alinitazama kwa muda kabla ya kufungua rafu.

"Wataka ya nini yote haya?"

"Ya mshumaa, Ami."

"Mshumaa sawa. Lakini sikiliza, mwanangu. Haya ni makali. Usiyatie mwilini."

"Nimesikia, Ami."

Nilisikia, lakini sikusikiza. Nilizimimina tola zote mbili, nikaongeza na karafuu. Sabuni ilikaza ghafla mikononi mwangu, mwiko ukasimama wima kama kwenye ugali. Hiyo ilikuwa ishara, nami sikuielewa. Niliisukuma kwenye kibati kwa kijiko, nikaificha chini ya kitanda. Chumba kizima kikanukia pilau ya harusi. Nilijiona bingwa.

Siku ya Idi mdogo wangu, kitinda mimba wetu wa miaka mitano, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuogeshwa kwa sabuni ile. Alitoka bafuni akijinusa mikono na kucheka. Kutwa nzima alikwenda kwa kila mgeni akimwambia, "Ninuse!"

Siku ya tatu aliamka na shingo nyekundu. Jioni mikono ilikuwa imejaa vipele, na kesho yake macho yamevimba hata hayaoni vizuri. Mama alidhani ni kitu alichokula sikukuu. Akamkataza mayai, akamkataza samaki. Kisha akasema maneno ambayo bado yanilia masikioni: "Mwogeshe tena kwa ile sabuni yako nzuri, huenda ikamtuliza."

Moyo ulinidunda. Mimi nilishashuku. Nilikumbuka sauti ya Ami kama niliyesimama dukani kwake. Lakini ningesemaje? Nikisema sabuni, nitaulizwa mdalasini umetoka wapi. Nikisema dukani, nitaulizwa pesa. Nikisema pesa, nauli ya mwaka mzima itatoka hadharani. Uongo mdogo ulikuwa umezaa watoto, na watoto wameziba mlango. Basi nikachukua maji, nikamwogesha ndugu yangu kwa sabuni ile ile, huku analia, nami nimenyamaza. Si mara moja. Mara mbili.

Msomaji, nimeandika mengi katika ukurasa huu, lakini sentensi hiyo ndiyo iliyoniwia nzito.

Usiku wa pili sikupata usingizi. Nilimsikia akijikuna gizani, krru, krru, krru, na kulalama kwa sauti ndogo ili asituamshe. Yeye, mtoto wa miaka mitano, atuonee huruma sisi! Nikashindwa. Niliinuka, nikamwamsha mama, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: duka, tola, nauli, matatu ambazo hazikuwa zimejaa.

Nilingoja kofi. Mama alikaa kimya kitandani kwa kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hivyo siku zote zile wavuka daraja kwa miguu? Hata siku ya mvua ile?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nakupa nauli usinyeshewe." Hakusema zaidi. Laiti angenipiga.

Alfajiri tulikwenda zahanati. Daktari aliuliza maswali mawili tu, akaomba kuiona sabuni. Alimwandikia mgonjwa dawa ya kupaka na akaamuru asitiwe harufu yoyote mwilini. Vipele vilichukua wiki kadhaa kukauka.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Kemia nikamweleza. Aliniambia kwamba mafuta ya mdalasini yana kitu kiitwacho sinamaldehaidi, na karafuu ina yujenoli, ile ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru. Tofauti ni kipimo. Na ngozi ikishakataa kitu namna hiyo, huweza kukikumbuka maisha yote, hata kikirudi kidogo tu. Nilidhani vipele vikipona mambo yamekwisha. Kumbe la.

Mwezi wa Agosti shangazi yangu aliolewa. Mnajua harusi zetu za pwani. Wanawake walipokusanyika chumbani, chetezo cha udi kikapita, kisha chupa ya mafuta mazuri ikazungushwa mkono kwa mkono, kila mmoja apakwa nyuma ya masikio na kiganjani. Mdogo wangu alikuwa amevaa gauni jipya. Chupa ilipomfikia alinyosha shingo na kufumba macho, kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Mama akaushika mkono wa mpakaji. "Huyu la."

Mtoto hakulia. Alifumbua macho, akanitazama mimi.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilifungua mkebe wangu, nikatia tone la asumini kwenye kipande cha karatasi. Nilikaa naye uani penye upepo, nikaishika karatasi mwenyewe, mbali na mwili wake. "Nusa kwa mbali," nikamwambia. Akavuta pumzi, akatabasamu. "Mimi pia nina harusi," akasema.

Mkebe sikuutupa. Mama mwenyewe alikataa. Alisema pesa zake zimo humo ndani, ziachwe zinifunze. Lakini sasa hupanda matatu kurudi nyumbani, na ninapotaka chupa mpya humwomba mama waziwazi. Mara nyingi jibu ni hapana. Kwa Ami nilirudi kumwomba radhi kwa kumdanganya kuhusu mshumaa. Alinisamehe, akanipa kiti, na sasa kabla ya kuniuzia huniuliza mara tatu.

Sabuni bado natengeneza. Mdogo wangu ana yake, ya mafuta ya nazi, soda na maji tu, nyeupe, haina harufu hata kidogo. Nilipoitengeneza mara ya kwanza niliijaribu wiki nzima mwilini mwangu, kisha mama akampaka mtoto povu kidogo ndani ya kiwiko, tukangoja siku mbili. Hakukuwa na lolote. Katika sabuni zote nilizotengeneza, hiyo ndiyo ninayojivunia.

Wenzangu shuleni huja kuniuliza siri ya mishumaa na sabuni zangu. Siri ni mizani, na subira, na kuwasikiliza walioanza kabla yako. Ya nne nimeiacha mwisho kwa kuwa niliinunua ghali: ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nikificha maradhi ya mtu mwingine. Daftari lile la matone bado ninalo. Kurasa za udi zanukia mpaka leo.