Kabla Ufute Video za Shosho, Tafuta Nafasi Ilienda Wapi

Kila wiki lazima mse mmoja aulize kwenye makundi yetu ya WhatsApp: "Wadau, laptopu imejaa, nifute nini?" Na kila wiki majibu ni yale yale. Futa picha za kitambo. Futa video za familia. Peleka kwa fundi aifomati. Nunua diski kubwa. Hakuna anayemuuliza swali la kwanza kabisa: imejazwa na nini?

Msimamo wangu ni huu. Wengi wa rika letu tunafuta vitu ambavyo havikufaa kufutwa. Tunafuta kile tunachokiona, na mara nyingi kile tunachokiona ni kidogo. Vitu vinavyokula diski viko kwenye folda ambazo hujawahi kufungua, na vingi viliwekwa huko na programu zenyewe bila kukuuliza.

Wacha nianze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo watu huanza kukasirika. Umenunua laptopu ya mtumba pale Luthuli ama Moi Avenue, muuzaji amekuapia ni GB 256. Ukifika nyumbani, Windows inakuonyesha 238. Tulia, hujaibiwa. Kampuni za kutengeneza diski huhesabu gigabaiti moja kama baiti bilioni moja. Windows nayo inapiga hesabu kwa vipimo vya 1,024, kwa hivyo gigabaiti moja kwake ni baiti 1,073,741,824. Diski ni ile ile, rula ndio tofauti. Ndio maana ya 512 husoma 476, na ya terabaiti moja husoma 931. Hapo hakuna cha kudai, songa mbele.

Nafasi inayopotea baada ya hapo ndio ya kutafuta.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikwama, na laptopu niliyonunuliwa ya kusomea ikageuka kuwa ya kazi. Nahariri video za watu: harusi, ruracio, matangazo ya biashara ndogo ndogo za mtaani. Laptopu ni moja, diski ni moja, GB 256. Mwaka jana mteja aliniletea kadi ya kamera yenye GB 41 za ruracio ya dada yake, na alitaka video Jumapili. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nafasi iliyobaki kwa diski yangu ilikuwa GB 2.

Nikaenda kwa fundi mmoja mtaani. Aliiangalia kama dakika mbili hivi. "Boss, hii ni ya kufomati. Ama nikuwekee diski mpya, leta elfu sita na mia tano." Nikamwambia hiyo pesa sina. Akaanza kupitia folda zangu, akaona moja imeandikwa Shosho. "Si uanze na hizi basi? Video za familia hukula nafasi sana."

Ndani ya hiyo folda kuna shosho yangu, amekaa jikoni kwake, anasimulia vile alikuja Nairobi akiwa msichana, akauza mboga Gikomba hadi akasomesha watoto watano. Nilimrekodi kwa simu, vipande vipande, likizo mbili mfululizo. Shosho alituacha mwaka uliofuata. Wakati huo sauti yake ilikuwa kwa hiyo diski na haikuwa kwingine. Fundi hakujua hayo, na simlaumu, alikuwa anajaribu kunisaidia. Nilimshukuru, nikachukua laptopu yangu nikaenda nayo nyumbani.

Huko nilianza na kalamu na karatasi. Folda zangu zote, yaani video, picha, hati na vitu vya kupakua, zilikuwa GB 79. Folda ya Shosho ndani ya hizo ilikuwa GB 3.4. Ile ya Chuo, miaka miwili ya noti, slaidi na kazi za kuandika hadi saa tisa usiku, ilikuwa GB 1.2. Windows yenyewe pamoja na programu zangu ilikuwa GB 52. Jumla 131. Diski inasoma 238 na imebakisha 2. Sasa hizo GB 105 ziko wapi?

Hapa ndipo unahitaji programu ya kukuchorea diski. Kuna WinDirStat, ni ya bure. Kuna WizTree, hiyo pia ni bure kwa matumizi yako binafsi, na iko mbio sana. Ukiifungua, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi uchague kuifungua kama msimamizi, la sivyo kuna folda itafungiwa nje. Itakuonyesha diski yako yote kama shamba lililogawanywa vipande vya rangi. Kila kipande ni faili. Kikubwa kwa macho ndicho kikubwa kwa diski.

Huo mchoro una historia poa. Mwaka wa 1990, profesa Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani alikuwa na shida kama yako. Maabara yao ilikuwa na diski ya megabaiti 80, inatumiwa na watu 14, na imejaa. Hakuna aliyejua nani amekula nafasi. Akakaa akawaza hadi akapata njia ya kuchora folda zote kwa ukurasa mmoja, mistatili ndani ya mistatili. Kwa hivyo chombo tunachotumia leo kilizaliwa na mtu aliyekataa kufuta ovyo ovyo. Alitaka kwanza kuona.

Yangu ilivyochorwa, mambo yalikuwa hivi.

GB 58 zilikuwa za programu yangu ya kuhariri. Kila nikifungua video, inatengeneza nakala za muda, tunaziita kache, ili iniwezeshe kucheza video bila kukwamakwama. Kazi ikiisha, nakala zinabaki. Zilikuwa ndani ya folda inaitwa AppData, ambayo Windows huificha. Nilikuta kache za harusi ya miezi 14 nyuma, mteja alishalipwa video yake zamani na hata nambari yake nishaipoteza.

GB 17 zilikuwa folda inaitwa Windows.old. Nilikuwa nimepandisha toleo la Windows wiki hiyo hiyo, na mfumo huweka toleo la zamani kando ili uweze kurudi ukitaka. Hujifuta wenyewe baada ya siku 10. Mimi sikuwa na siku 10.

GB 12 zilikuwa za Telegram. Zile sinema na vipindi unavyotazama hapo huacha nakala kwa diski hata kama hujawahi kubonyeza kupakua. Ndani ya mipangilio yake kuna mahali pa kuzifuta na kuweka kikomo.

GB 11 zilikuwa za kumbukumbu za kurejesha mfumo, zile picha za hali ya kompyuta ambazo Windows huchukua kabla ya kubadilisha kitu kikubwa. GB 4 zilikuwa faili za muda za hapa na pale. Na GB 3 na kidogo zilikuwa faili moja tu inaitwa hiberfil.sys.

Hesabu ikakubali. 105.

Sasa, kuziondoa. Usiingie na panga. Kache ya programu ya kuhariri ifutwe kutoka ndani ya programu yenyewe, karibu zote zina kitufe chake. Hakuna unachopoteza, video zako za asili haziguswi, ni vile tu ukifungua mradi wa zamani itachukua muda kuzitengeneza upya. Windows.old na faili za muda utazipata kwa Settings, kisha System, kisha Storage, kisha Temporary files. Hapo soma kila kisanduku kabla ya kuweka tiki. Kuna kimoja kinaitwa Downloads. Hicho si taka, ni folda yako ile ile unayoijua. Na kuhusu Windows.old, ukishaifuta hurudi tena toleo la zamani, kwa hivyo hakikisha kwanza mpya inafanya kazi.

Kumbukumbu za kurejesha mfumo sikuzifuta zote. Niliziwekea kikomo zikabaki GB 5. Siku Windows itaharibika nitazihitaji.

Hiberfil.sys nayo niliiacha, na hapa najua kuna wajuaji watanipinga. Hiyo faili huhifadhi kazi yako yote iliyo wazi laptopu ikilala usingizi mzito, ndio ukiiwasha ukute kila kitu pale ulipoacha. Ukiwa na kompyuta ya mezani unaweza kuizima kwa amri moja, powercfg /h off, na nafasi inarudi hapo hapo. Lakini mimi naishi mahali stima inapotea bila hodi, na betri yangu imezeeka. GB 3 ni bei ndogo ya kutopoteza kazi ya usiku mzima.

Na kuna vitu usiguse kabisa hata vikionekana vikubwa namna gani. Folda ya WinSxS ni mojawapo. Windows inaitumia kujirekebisha na kujisasisha, tena huonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sababu faili nyingi za humo zinahesabiwa mara mbili, huko na kwingine. Pagefile.sys pia iache, hiyo husaidia RAM ikizidiwa.

Nilipomaliza, diski ilikuwa na GB 99 wazi. Ilinichukua chini ya saa moja. Sikulipa mtu, sikununua kitu, na sikufuta hata sekunde moja ya maisha yangu. Ruracio ikaingia na nafasi ikabaki.

Kwa nini nakazania hii story? Kwa sababu ushauri wa "futa picha" unatuumiza sisi wa mfuko mwepesi kuliko wengine. Mwenye pesa akijaza diski ananunua nyingine, ama analipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi na haangalii nyuma. Sisi tunachagua. Elfu sita na mia tano ni bando la miezi, ni nusu ya rent ya bedsitter. Kupandisha GB 80 mtandaoni kwa bando la simu ni ndoto. Kwa hivyo tunaanza kupima: nimfute nani? Na kumbe hatukuhitaji kupima.

Tena kufuta siku hizi hakuna huruma. Zamani kwa zile diski za kuzunguka, ukifuta faili ilikuwa inabaki chini ya maji kwa muda, fundi mzuri angeweza kuivua. Kwenye SSD, mfumo huiambia diski nafasi ile haihitajiki tena, nayo huipangusa kwa wakati wake. Ukishamwaga Recycle Bin, uwezekano wa kurudisha ni mdogo sana.

Sisemi diski haijai kweli. Ukirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja tu ni GB 45. Ukiwa na kazi nyingi za hivyo, hata ufagie kila kona, utanunua diski tu. Ila nunua ukijua unanunulia nini, si kwa sababu umelipia nyumba ya kache.

Na nafasi ikirudi, usikimbie kuijaza. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kulipwa ile ruracio ni kunakili folda ya Shosho. Kuna kanuni ya wapiga picha: nakala 3, kwa vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumbani. Yangu iko kwa laptopu, kwa flashi ambayo mamangu anaiweka kwa kabati lake, na mtandaoni kwenye akaunti ya bure. GB 3.4 zinatosha huko bila kulipa senti. Mamangu hucheza zile video Jumapili jioni kwa TV, hasa ile ya Gikomba, na humcheka shosho pale anapomtukana askari wa kanjo aliyemchukulia mboga zake.

Ya Chuo pia sijaifuta. Anko aliniambia niitupe nisonge mbele na maisha. Nimemwambia, Anko, miaka yangu miwili yote ni GB 1.2. Kache ya harusi ya mtu nisiyemkumbuka ilikuwa kubwa kushinda hiyo mara kadhaa. Kama kuna kitu cha kutupwa kwa hii laptopu, foleni ni ndefu kabla ifike hapo.

Kwa hivyo leo, kabla ya kufuta picha yoyote, weka WizTree ama WinDirStat uangalie vipande vitatu vikubwa zaidi. Nakuwekea dau hakuna hata kimoja ulichokiweka wewe kwa mkono wako. Anza na hivyo.