Anayekopesha Asimame Nje

Washarika wenzangu huniuliza mara kwa mara ninasoma nini hasa chuoni. Nikijibu kwamba nasoma teknolojia ya simu na vifaa vya mkononi, wengine huniletea simu zilizopasuka kioo. Wapendwa, mimi si fundi simu. Tunajifunza namna kifaa kinachosafiri na mtu kinavyoendelea kufanya kazi: jinsi simu inavyokabidhiwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine basi likiwa katika mwendo, inavyotunza chaji, na inavyohifadhi kazi yako mtandao ukikatika. Tunajifunza pia kuandika programu za simu.

Somo lililogusa imani yangu kuliko yote ni lile la ruhusa. Katika simu za Android, kila programu hukaa kama katika chumba chake. Haiwezi kujichukulia tu orodha ya majina yako. Tangu toleo la 6, lililotoka mwaka 2015, ni lazima imwombe mwenye simu wakati inapohitaji kuisoma, naye anaweza kukataa. Ni kupiga hodi. Mwalimu wetu alikuwa akisisitiza: omba kile tu unachokihitaji.

Nikiwa mwaka wa tatu, nadaiwa ada, nilimpata mtu aliyetaka kuandikiwa programu ya mikopo. Malipo yake yangemaliza deni langu lote. Sharti lilikuwa moja: mkopaji asipate hata shilingi mpaka akubali majina yote ya simu yake yasomwe. Nikauliza, ya nini? Nikajibiwa kwamba akichelewa kulipa, ndugu na majirani zake watatumiwa ujumbe.

Mikopo hiyo mtaani tunaiita kausha damu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alichelewa siku nne tu, ujumbe ukamfikia mkwe wake na mwenyekiti wa jumuiya. Deni alilimaliza, lakini ibada za jumuiya aliziacha kwa miezi mingi.

Wiki ile, katika usomaji wangu wa kila siku, nilifika Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Pale anayekopesha anaelekezwa kwamba akifuata rehani asiingie nyumbani kwa mwenzake. Asimame nje, mwenye deni amletee mwenyewe. Torati haikufuta deni. Iliweka mpaka mlangoni, ili maskini abaki na heshima mbele ya watoto wake hata akiwa anadaiwa.

Simu ya leo ni nyumba. Na katika nyumba hiyo wamo watu ambao hawakukopa chochote: shangazi, mchungaji, mwalimu wa mtoto. Niliona kwamba ninachoombwa ni kumfungulia mkopeshaji mlango wa ndani.

Nilikataa. Ningependa kuwashuhudia kwamba kesho yake ada ilipatikana, lakini haikuwa hivyo. Kazi ile aliichukua mwanafunzi mwenzangu. Nilipompigia mama kijijini kumweleza, aliniuliza, "Na huyo mwenzako ameshaanza kulipwa?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Haya mwanangu. Tutauza mbuzi." Mbuzi hawakutosha. Mitihani ya muhula ule niliifanya mwaka uliofuata.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sikushangilia. Kila moja iliandikwa na mtu, na huenda baadhi yao ni vijana waliodaiwa ada kama mimi. Kwa hiyo nawaomba mnapowaombea wanafunzi wa usharika, msituombee kufaulu na kupata kazi tu. Tuombeeni pia nguvu ya kuikataa kazi tunayoihitaji.

Nanyi programu ikiwauliza kama inaweza kusoma majina yenu, msibonyeze upesi. Watu waliomo humo hawapo kujibu, mnawajibia ninyi. Na sisi tunaoziandika programu hizo, Mungu atusaidie kusimama nje.